Barua kwa mwanangu: vitafunio vya mjukuu wangu mwenye mzio

Mumias

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nimepata ujumbe wako, na nimeona nikujibu kwa barua badala ya simu ili uwe na kitu cha kubandika ukutani jikoni. Unauliza umpe nini mjukuu wangu, mume wangu mdogo, kati ya mlo na mlo, sasa daktari wa huko Nakuru amethibitisha kwamba njugu karanga, mayai na maziwa ya ng'ombe vinamdhuru, na vile vilivyobaki anavikataa au anavitema. Tena unauliza kama umlazimishe.

Nianze na hilo la kulazimisha, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Usimlazimishe. Mtoto wa miaka miwili kukataa chakula asichokizoea ni jambo la umri wake, na huweza kuendelea hadi afike miaka mitano au sita. Lakini kwa mtoto mwenye mzio ipo sababu kubwa zaidi. Mdomo ukimwasha au koo likimkaba, hana maneno ya kukueleza. Atafumba midomo, atageuza uso, atasukuma sahani. Akijifunza kwamba hata akikataa atashikwa taya na kijiko kitaingia tu, umemnyang'anya njia pekee aliyo nayo ya kukuonya. Katika miaka yangu ya uuguzi niliona watoto walioitwa wakaidi wa kula kumbe chakula kile kilikuwa kinawaumiza. Kwa hiyo akikataa kitu kimoja kila mara, hasa akikionja kisha akakuna midomo au akatapika, kiandike umwonyeshe daktari.

Kazi yako ni kuamua atakula nini, saa ngapi na wapi. Kiasi atakachokula, au kama atakula kabisa, mwachie yeye. Weka vitu viwili kwenye sahani, kimoja anachokipenda na kimoja kigeni, kidogo tu, kisha nyamaza. Usimsihi, usimuahidi peremende. Chakula kipya huenda akakiona mara kumi, hata kumi na tano, kabla ya kukionja. Haya nayasema kwa vyakula salama peke yake. Jirani akikushauri umrambishe njugu kidogo kidogo ili azoee, mkatalie. Matibabu ya namna hiyo yapo, lakini hufanywa na wataalamu hospitalini, na kwa kipimo.

Sasa tuingie jikoni. Ushauri wangu ni huu: vitafunio vyake vitoke sokoni vikiwa vizima, ili usiwe mtu wa kubahatisha kilicho ndani ya pakiti. Huko Nakuru mnakaa mahali pazuri kwa jambo hili. Viazi vya Molo viko karibu, minji na karoti hazikosekani, na tikiti maji za Marigat zinafika hadi mjini.

Anza na viazi vitamu, vile vya rangi ya chungwa ukivipata, kwa sababu vina vitamini A kwa wingi. Vichemshe na maganda yake, vimenye, uvikate vipande virefu kama kidole anavyoweza kuvishika mwenyewe, kisha uvigeuzegeuze kwenye kikaango chenye mafuta kidogo hadi ukingo ushikane. Mtoto anayetema chakula laini mara nyingi hukubali kilekile kikiwa na ugumu kidogo nje. Fanya hivyo kwa nduma, malenge na ndizi za kupika pia. Wewe mwenyewe ukiwa mdogo hukutaka vyakula vichanganywe. Maharagwe yakigusa wali, sahani nzima ilikuwa imeharibika. Yawezekana mwanao amekurithi. Mtengee kila kitu pembeni yake.

Halafu kuna vibiskuti vya wimbi, ambavyo nataka uvijue kwa moyo. Ponda ndizi moja iliyoiva sana, ya madoa meusi. Tia unga wa wimbi kidogo kidogo hadi upate donge laini lisiloganda mikononi, na kijiko cha mafuta. Hakuna yai, kwa sababu ndizi ndiyo inayoshikanisha. Hakuna sukari, kwa sababu imeshaiva. Tengeneza vidonge bapa, uvikaushe kwenye kikaango kwa moto mdogo, pande zote mbili. Vikipoa havivunjikivunjiki, na unaweza kumfungia aende navyo kwa mama anayemlea mchana. Wimbi nimeuchagua makusudi. Mtoto aliyeondolewa maziwa anahitaji kupata madini ya chokaa, yaani kalsiamu, kwingineko, na wimbi una zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, kupita mahindi na mchele mbali sana.

Omena pia, kama samaki hawamdhuru, kwani unasema hula samaki bila shida. Huliwa na mifupa yake, na humo ndimo chokaa ilimo. Wachambue, waoshe kwa maji ya moto, wakaushe kabisa kwenye kikaango kisicho na mafuta, kisha watwange wawe unga. Nyunyiza kijiko kidogo kwenye viazi vilivyopondwa au avokado. Harufu ikimkera, punguza na ungoje.

Maziwa ya mbuzi usiyajaribu kamwe. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wanaodhuriwa na haya hudhuriwa na yale. Maziwa lala na mtindi ni hivyohivyo. Tui la nazi ni zuri kwenye uji au wali, lakini halichukui nafasi ya maziwa, kwa sababu lina protini na chokaa chache. Muone afisa wa lishe hospitalini akupimie kilo na urefu wake na kukuambia kama anahitaji kinywaji kilichoongezwa virutubisho. Hilo lisikawie.

Matunda hayana mengi: embe, papai, avokado, tikiti bila mbegu. Zabibu uzikate nne kwa urefu. Karoti uipike, tofaa ulipare. Bisi, njugu za aina yoyote na karoti mbichi humkaba mtoto mdogo, mwenye mzio na asiye nao. Muwa wa huku kwetu nao ungoje awe mkubwa. Babake akitaka kumfurahisha, ampe embe, si juisi ya pakiti.

Hatari kubwa zaidi iko mahali ambapo mtu hafikirii. Unga wa uji uliochanganywa, unaouzwa kwa jina la lishe ya watoto, mara nyingi una njugu, soya na pengine unga wa maziwa. Hata ukinunua wimbi mtupu, kisiagi kinachosaga njugu za mteja mmoja huacha mabaki kwa unga wa mteja anayefuata. Uliza kabla hujamwaga nafaka yako. Kisha mboga za kienyeji: unajua sisi watu wa Magharibi tunavyozilaza na maziwa, na majirani zetu huzitia njugu au simsim iliyosagwa. Sahani ya managu inaonekana haina kosa. Mkate, mandazi na keki zinaweza kuwa na maziwa au mayai. Chipsi za kibandani hukaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha pitia kila kitu. Soma pakiti kila unapoinunua, hata kama ni ile uliyoizoea, maana watengenezaji hubadilisha viungo. Na njugu mawe, ingawa ni mmea mwingine, usimpe hadi daktari aseme.

Waambie wote wanaomlisha: dada wa kazi, mama wa kulea watoto, shemeji zako, watoto wa jirani wanaogawana biskuti. Usione haya. Mtu anayekuona una madaha leo atakushukuru siku mtoto wake mwenyewe atakapopatwa.

Na siku ikitokea, nisikilize vizuri. Mabaka ya kuwasha sehemu moja ya ngozi, na mtoto anacheza, mpe dawa ya mzio aliyoandikiwa umtazame bila kumwacha. Lakini midomo au ulimi ukivimba, akikohoa mfululizo, sauti ikikwaruza, akipumua kwa mluzi, akitapika tena na tena baada ya kula au akilegea, hiyo ni dharura. Kama daktari amekuandikia sindano ya adrenalini, mpige pajani upande wa nje papo hapo, kisha mkimbilie hospitali, hata akionekana amepata nafuu, kwa sababu hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Mlaze miguu ikiwa juu, ila akishindwa kupumua mwache akae, na asitembezwe. Kama sindano hamna, usingoje dawa ya maji ifanye kazi, tafuta gari. Kama hujawahi kuzungumza na daktari juu ya sindano hiyo, muulize safari ijayo.

Kuna jambo moja naliogopa kuliko yote. Kwetu mtoto akitapika ghafla, watu husema amekula sumu na kukimbilia kikombe cha maziwa. Mwanao akipewa maziwa wakati huo, umeongeza moto. Liandike hili kwa herufi kubwa mlangoni: ASIPEWE MAZIWA, HATA KAMA ANATAPIKA.

Usikate tamaa pia. Mzio wa maziwa na mayai watoto wengi huuacha kadiri wanavyokua. Wa njugu ni wachache, takriban mmoja kati ya watano. Atapimwa tena baada ya muda, hospitalini, mbele ya wauguzi.

Kwa Idi mtakapokuja, mahamri nitakanda kwa tui la nazi, bila maziwa wala yai, na nitayakaanga ya kwake kwanza mafuta yakiwa mapya. Kuku nitamchoma. Shangazi zako nimeshawaambia waache visheti vyao vyenye siagi huko kwao, na hakuna aliyenuna. Wimbi wako nimeuchambua na kuuosha. Unasagwa wiki hii kwenye kisiagi cha mwanamke ninayemjua, asiyesaga njugu. Nitumie tarehe ya kliniki, na majina ya dawa zote alizoandikiwa, kabla sijafunga mfuko.

Mama yako