Kwa mliobaki ghalani baada ya wenzenu kupunguzwa kazi

Wadogo zangu, Oktoba inakuja, msimu wa korosho unafunguliwa, na wenzetu waliopunguzwa hawarudi. Nawaona mnavyobeba kazi zao kimyakimya. Mnaingia asubuhi walinzi hawajabadilishana zamu, mnatoka Chikongola taa zimeshawaka, na mtu akiwauliza mnajibu "tunapambana". Waliowatangulia hapa Mtwara walifanya hivyohivyo na yakawakuta, ndiyo maana naandika.

1. Makabidhiano kwanza, funguo baadaye.

Msimu mmoja kampuni niliyokuwa nayo ilipunguza watu. Mtunza ghala aliondoka Ijumaa, Jumatatu kijana wa mapokezi ya mzigo akapewa funguo na leja, akaambiwa ashikilie kwa muda. Alikuwa kijana mwaminifu, mwepesi wa kazi. Akasaini fomu ya makabidhiano amesimama, huku magari yanasubiri mzanini. Hakuhesabu steki hata moja, yaani yale marundo ya magunia yaliyopangwa.

Sasa, unyaufu mnaujua. Korosho inaingia na unyevu wake, inakaa wiki kadhaa, inakauka, kilo zinapungua. Mtunza ghala yule alikuwa na daftari lake la unyevu, steki kwa steki, na aliondoka nalo kwa sababu hakuna aliyemwomba aliache. Siku ya kutoa mzigo, kilo za leja na kilo za mzani zikakataa kukutana. Nilikaa na kijana usiku ule. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye safu ya uzito, anajumlisha, anafuta kalkuleta, anaanza tena juu, na jibu ni lilelile. Naamini sehemu kubwa ya upungufu ule ulikuwa unyaufu wa kawaida kabisa, tena wa kabla hajashika funguo. Lakini hakuwa na karatasi ya kuonyesha zilipungua lini, na saini ilikuwa yake. Mkataba wake haukuongezwa.

Kwa hiyo ukipewa funguo, hesabu mbele ya shahidi, pima unyevu siku hiyohiyo, uandike. Muda ukiwa hautoshi, andika kwenye fomu ileile steki ambazo hujazihesabu, ndipo usaini. Meneja akinuna, mwache anune. Na mpigie simu aliyeondoka umuulize vitu vilipo, ila umjulie hali kwanza.

2. Andika saa zako kila siku.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni ovataimu, inafanywa kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Najua mnachoogopa: ukidai, jina lako litaingia kwenye orodha ijayo. Nimekaa kwenye vikao vya kupunguza watu nikiwakilisha tawi la chama cha wafanyakazi. Vikao nilivyokaa mimi vilijadili vyeo, mikataba na gharama. Sikumsikia hata mmoja akitetewa kwa kuwa alikesha ghalani bila malipo.

3. Mpelekee bosi orodha ya kazi zote ulizorithi, aamue yeye ipi isubiri. Mzani na mapokezi haviachwi. Ripoti zipo zinazoweza kusubiri.

4. Acheni kuwasema walioondoka.

Hili linaniudhi kuliko yote. Wiki haijaisha mtu ameshaanza: "Yule naye alikuwa mzito, ndiyo maana." Mnasema hivyo ili mlale usiku, muamini kwamba mchapakazi hapunguzwi. Mdogo wangu, dada aliyekuwa anakata sampuli za korosho kupima ubora pale alikuwa hodari kuliko sisi sote, na aliondoka kundi la kwanza. Mkishaanza kusemana, kila mtu anakunywa chai yake pembeni na kuficha alichokosea, na ghala lenye watu wachache linaponzwa na makosa yanayofichwa. Kunyweni chai pamoja. Aliyechoka aseme kachoka, mwenzake amshikie mzani nusu saa.

5. Wenzenu waliopunguzwa wafikishieni haya.

Aliyetimiza mwaka kazini ana kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili, hadi miaka kumi. Cheti cha utumishi ni haki yake. Na mwajiri alitakiwa kutoa taarifa mapema na kushauriana nao au na chama chao kabla ya kupunguza. Kama haikuwa hivyo, malalamiko yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Nimewaona watu wakikaa nyumbani kusubiri simu ya ofisi mpaka siku hizo zimepita. Mwenye namba ya mwenzake ampigie leo.