Mshauri wako wa I-20 akiacha kazi

Barua pepe inaingia jioni: mkurugenzi wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni anawaaga, nafasi yake itakaimiwa. Kabla hujamaliza kuisoma, kundi la WhatsApp la Waafrika Mashariki chuoni limeshachafuka. Nani atatusainia? Nimeomba I-20 mpya wiki jana, itakuwaje? (I-20 ni hati ambayo chuo cha Marekani humpa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1.)

Nilipokuwa nasoma shahada ya pili hapa Marekani nilifanya kazi mapokezi kwenye ofisi ya namna hiyo, na kipindi hicho uongozi ulibadilika, washauri wa zamani nao wakaondoka mmoja mmoja. Kwa hiyo wadogo zangu, haya nimeyaona nikiwa upande wa ndani wa dirisha.

Hofu kubwa haina msingi. Taarifa zako haziko kwenye droo ya mtu. Tangu 2003 vyuo vinazitunza kwenye SEVIS, mfumo wa serikali, na afisa mpya akishapewa idhini anaona rekodi zako zile zile. Sahihi ya kusafiria iliyo ukurasa wa pili wa I-20, ikiwa ilitiwa na mtu mwenye mamlaka siku hiyo, haifi kwa sababu mwenyewe kahamia chuo kingine. Hudumu mwaka mmoja, au miezi sita kama umeshamaliza masomo na uko kwenye OPT, yaani kibali cha kufanya kazi ya fani yako baada ya kuhitimu.

Kinachopotea ni maneno. Kijana mmoja wa Mwanza alilemewa na somo la takwimu, mshauri akamwambia wakiwa wamesimama mlangoni, "Liache tu, nitalishughulikia." Mshauri akaacha kazi. Katikati ya muhula mkuu mpya akapitia orodha ya wanafunzi wa shahada ya kwanza walio chini ya krediti 12, kiwango cha chini kwa muhula, akamkuta. Idhini ya kupunguza masomo inatakiwa iingie SEVIS kabla hujaacha somo, na yake haikuwamo. Alichokuwa nacho ni jina la mtu ambaye hayupo tena. Ikabidi aombe serikali imrudishie hadhi ya uanafunzi, na muda wote wa kusubiri haruhusiwi kufanya kazi, hata ile ya maktaba iliyokuwa inamlipia chakula.

Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: ukitoka ofisini, siku hiyo hiyo andika mistari mitatu. Ahsante kwa kunipokea. Nimeelewa umekubali niache somo hili, na I-20 yenye idhini itatoka kabla sijaliondoa kwenye usajili. Kama nimeelewa vibaya nisahihishe. Itume kwenye anwani ya ofisi, mshauri umpe nakala. Anwani ya mtu huenda ikafungwa siku anayorudisha funguo. Na CPT, yaani idhini ya kufanya kazi inayohusiana na masomo kabla hujahitimu, ni hivyo hivyo: kama haijaandikwa kwenye I-20 yako, usikanyage kazini, hata kama bosi anakusubiri.

Mnaokaribia kuhitimu, kuweni macho zaidi. Maombi ya OPT yanaweza kupelekwa kuanzia siku 90 kabla ya programu kuisha hadi siku 60 baada yake, lakini afisa akishaweka pendekezo lake SEVIS, USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, lazima wayapokee ndani ya siku 30. Ofisi yenye watu pungufu foleni yake ni ndefu, basi omba pendekezo mapema. Likishatoka, usililalie.

Halafu msituonee sisi wa mapokezi. Anayesaini I-20 lazima awe raia wa Marekani au mkazi wa kudumu. Nilisongwa sana na watu wa nyumbani, "kaka, weka tu sahihi hapo," wakati nami nilikuwa na viza kama yao. Swali la maana ni hili: kwa sasa nani ndiye afisa mkuu, yaani PDSO, na nani wengine wana mamlaka ya kusaini?

Kuhusu mkuu mpya, tegemea mambo mawili. Atabadilisha jina la ofisi (sijui kwa nini wote huanzia hapo), kisha utaratibu wa kuingia bila miadi utakufa. Viongozi wa chama chenu waende kumsalimia mapema, wakati bado hakuna mwenye shida. Wamweleze jambo moja au mawili yaliyokuwa yanafanya kazi vizuri, kwa mfano siku maalumu ya kusainiwa kabla ya likizo ya Desemba. Msianze na "yule wa zamani alikuwa anatuelewa." Nimemwona mkuu akifunga daftari baada ya sentensi hiyo.

Wenye J-1, viza ya programu za kubadilishana, karatasi yenu ni DS-2019 na maafisa wake wanaidhinishwa peke yao. Chuo kinaweza kuwa na wasaini wa I-20 kadhaa huku wa kwenu wakiwa wachache, na mmoja wao ndiye aliyeondoka. Ulizeni hilo kabla hamjanunua tiketi.