Usiihukumu sigaa fupi kwa haraka

Kaka, umesema Partagás Shorts yako ilianza vizuri, kisha ikawa chungu ilipofika nusu, ukaipa alama 4 kati ya 10. Mimi nisingeihukumu bado. Hii sigaa ya Kuba ina urefu wa milimita 110 tu. Ukiivuta harakaharaka inapata moto, na moshi hauna nafasi ya kupoa. Pafu moja kwa dakika latosha, na moshi usiumeze. Ya kwangu ya kwanza iliniunguza ulimi hivyohivyo. Ya pili niliivuta nimeshiba, glasi ya maji pembeni: ladha ya pilipili manga kwanza, halafu ya kahawa, jivu likining'inia bila kudondoka. Toa alama kila theluthi inapoisha, kabla uchungu wa mwisho haujakusahaulisha ladha ya mwanzo.