Mtoto wa kiume kubeba mdogo wake, kuna ubaya gani?

SWALI: Asalaam alaykum shehe. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Tandahimba. Mkubwa ni wa kiume ana miaka 9, mdogo wake wa kike ndo kwanza anajifunza kutembea. Msimu huu wa korosho nikiwa naokota au napika, kaka mtu ndo anakaa nae, anambeba, anamlisha uji. Baba yao hataki kabisa, anasema namlegeza mtoto. Na jirani mmoja anaejua dini kidogo kaniambia namtwisha mtoto mzigo wangu na hiyo ni dhulma. Je napata dhambi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Dada yangu, dhambi huna. Ila swali lako limenikaa moyoni, maana haya maneno ya "kulegeza" nayasikia sana huku kwetu, Mtwara mpaka Lindi, na watu wanayasema kama vile yametoka kwenye dini, wengine wanachanganya na habari za jando eti kijana akishatoka huko asionekane tena na mtoto mgongoni.

Sasa hivi mtu anaesema hivyo Mtume (s.a.w.) anamuweka wapi? Yeye kaswalisha watu huku kambeba Umama, mtoto wa binti yake Zaynab, akisujudu anamuweka chini akisimama anamchukua. Mtoto wa kike, tena mbele ya maamuma! Bi Aisha alipoulizwa Mtume anafanya nini nyumbani akasema alikuwa kwenye kazi za ahli zake. Na Al-Aqra bin Habis, mkubwa wa Banu Tamim, alipomuona Mtume anambusu mjukuu wake Hasan akasema mimi nina watoto kumi sijawahi kumbusu hata mmoja, akajibiwa asiyehurumia hahurumiwi. Yaani huo "ukakamavu" anaoutaka mumeo uliletwa mbele ya Mtume ukakataliwa, na sisi leo tunautafutia pa kuurudisha.

Na mtazame vizuri huyo kijana wako. Mtoto mdogo hajui kusema, kwa hiyo kaka mtu inabidi ajue mwenyewe hiki kilio cha njaa na hiki cha usingizi, asubiri uji upoe wakati na yeye anataka kwenda kucheza, akate muhogo wake ampe. Kaka akiswali, mdogo anaweka paji chini kumuiga, basi hata sijda yake kaka mtu anaanza kuitengeneza. Haya sisi waalimu wa madrasa hatuwezi kumpa kwa kiboko wala kwa ubao. Anas bin Malik, aliekuwa akimtumikia Mtume, alikuwa na mdogo wake kwa mama, Abu Umayr, mwenye kijindege anachochezea, Mtume akawa anamuuliza Abu Umayr, kijindege kimefanya nini? Na alietuhifadhia habari hiyo ni huyohuyo Anas, kaka mtu, aliekuwepo pale anaona mdogo wake anavyosemeshwa.

Jirani yako nae nisimtupe moja kwa moja, kuna nusu kapatia. Dhulma ipo kama kijana anakosa shule au chuo, au unamuachia mtoto kutwa nzima we uko shamba, moto unawaka na kisima kiko wazi, hapo jukumu ni lako na la baba yake, mtoto wa miaka 9 haulizwi. Na kingine, mdogo akianguka usimkimbilie kaka kwa makofi. Ndugu zake Yusuf walianza kwa kusema Yusuf na nduguye wanapendwa na baba kuliko sisi, iko aya ya 8 ya Sura Yusuf, na unajua walipofikia.

Mumeo usibishane nae mbele ya watoto. Baada ya Isha akiwa katulia barazani mpe binti amshike, we ingia ndani, usiseme neno, fanya hivyo kila siku. Na hela ya mnada wa korosho ikiingia mnunulie kijana kitu chake peke yake, kisiwe cha kugawana na mdogo.