Kwa nini GM iliifuta Pontiac na kuiacha Buick?

SWALI: Mwaka 2009 General Motors iliifuta Pontiac, ingawa nchini Marekani ilikuwa ikiuza magari mengi kuliko Buick iliyobakizwa. Kampuni huangalia nini inapochagua chapa ya kuondoa?

JIBU: Idadi ya mauzo peke yake hupotosha. Swali linaloamua ni hili: chapa hii ikiondoka, ni faida kiasi gani itapotea moja kwa moja? Pontiac G5 ilikuwa Cobalt ya Chevrolet, chapa nyingine ya GM, iliyobadilishwa sura, na Torrent vivyo hivyo kwa Chevrolet Equinox. Mnunuzi wake angeweza kuhamia Chevrolet, GM ikabaki naye na kuokoa gharama za usanifu na matangazo. Buick ilikuwa na kitu ambacho Pontiac haikuwa nacho: soko la China, ambako ilikuwa ikiheshimiwa sana. Kuiua kungekuwa kuwakabidhi washindani wateja hao.

Utauliza, mbona GMC, chapa ya malori ya GM, ilibaki, na malori yake ni ndugu wa Chevrolet? Kwa sababu wateja wake hukubali kulipa zaidi kwa gari lilelile lililopambwa vizuri. Marudio yenye faida hubakizwa.

Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni gharama ya kufunga. Sheria za majimbo ya Marekani huwalinda mawakala wa magari, na mkataba wao hauvunjwi bure. GM ilitangaza mwisho wa chapa yake ya Oldsmobile Desemba 2000, gari la mwisho likatoka 2004, na kuwafidia mawakala kulimeza zaidi ya dola bilioni 1. Ndiyo maana chapa dhaifu huburutwa kwa miaka. GM ilipoingia mahakama ya ufilisi Juni 1, 2009, ilipata nafasi ya kuachana na mikataba hiyo kwa gharama ndogo zaidi.

Kuuza chapa nako si rahisi. Saab, chapa ya GM ya Sweden, ilipata mnunuzi, kampuni ya magari ya Spyker ya Uholanzi, lakini mpango wa kampuni ya Marekani ya Penske kuichukua Saturn, chapa nyingine ya GM, ulivunjika Septemba 2009, na Saturn ikafungwa.

Binafsi naisikitikia Pontiac G8, sedani iliyotoka Holden, tawi la GM la Australia. Hiyo haikuwa nakala ya Chevrolet yoyote iliyokuwa ikiuzwa Marekani wakati ule. Ilichelewa mno kuinusuru chapa nzima.

Kama unamiliki Pontiac, tafuta vipuri kwa jina la ndugu yake wa Chevrolet. Vya injini na breki mara nyingi ni vilevile. Taa, bampa na grili ndivyo vitakavyokusumbua.