Mwanangu Hataki Kujisajili Kuwa Mpigakura

SWALI: Mhariri, mwanangu ana umri wa miaka 20 na anasomea chuo kikuu mjini Eldoret, ilhali nyumbani kwetu ni Malindi. Kitambulisho anacho, lakini kila nikimhimiza ajisajili hunijibu kwamba kura yake moja haimweki wala haimwondoi rais. Nimwambie nini?
Mama, Malindi

JIBU: Mama, kijana hajakosea hesabu. Mwaka 2022 wagombea wawili wa kwanza wa urais walitengana kwa kura 233,211, na hapana mtu mmoja awezaye kuliziba pengo kama hilo. Alichosahau ni kwamba mpigakura wa Kenya hapewi karatasi moja bali sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike wa kaunti, na mwakilishi wadi. Anza naye na hiyo ya mwisho, kwa kuwa bajeti ya kaunti, pamoja na fedha za basari ambayo huenda yeye mwenyewe ameiomba, hupitishwa na bunge ambamo mwakilishi wadi huketi. Na wadini, kura za mtaa mmoja zaweza kumpa mtu kiti au kumnyima.

Katika uchaguzi huo waliosajiliwa walikuwa 22,120,458, lakini waliopiga kura walikuwa takriban asilimia 65, ilhali mwaka 2017 walikaribia asilimia 78. Wengi husema ni kukata tamaa, nami sikatai, ila naona sababu nyingine isiyotajwa sana: mtu husajiliwa mahali pamoja, siku ya kura ikamkuta kwingine. Hupigi kura ila katika kituo chenye jina lako. Kwa hiyo, kabla ya kumsukuma, muulize atakuwa wapi tarehe 10 Agosti 2027. Ikiwa atakuwa amejisajili Eldoret, na chuo kitakuwa kimefungwa naye yuko Malindi, nauli ya kwenda Eldoret na kurudi itamshinda hata akiwa na hamu ya kupiga kura.

Akija likizo, afike katika afisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneobunge lenu na kitambulisho chake halisi, ambapo atachukuliwa picha na alama za vidole bila malipo. Asiingoje miezi ya mwisho, maana usajili husitishwa kabla ya uchaguzi. Na ikiwa alikwisha kujisajili Eldoret kimyakimya, asijisajili mara ya pili, kwani hilo ni kosa la jinai. Aombe kuhamishiwa kituo cha nyumbani.