Maswali na majibu: moduli ya C++ inayoiua Python kwenye import

Fundi, habari za kazi. Nimeandika moduli ya C++ ya kutumia ndani ya Python. Juu kabisa ya faili nimeweka kitu cha globali ambacho konstrakta yake (fankisheni inayokitengeneza) inasoma mipangilio. Nikifanya import, Python yote inakufa. Nimezungushia try na except, wapi!

Salama. Except yako haina kosa, imechelewa tu kuhusishwa. Kwenye Linux, import ya moduli kama yako inaishia kwenye dlopen. Hiyo inapakia faili la .so, inaunganisha majina, kisha inaendesha konstrakta zote za globali, zile ambazo anwani zake kompaila imezipanga kwenye .init_array. Hayo yakishakwisha ndipo Python inatafuta PyInit_ yako, fankisheni ya kuanzisha moduli, na kuiita. Konstrakta ikirusha eksepsheni kabla ya hapo hakuna wa kuidaka, C++ inaita std::terminate, na kwenye terminali unabaki na hiki:

```
terminate called after throwing an instance of 'std::runtime_error'
  what():  mipangilio.txt haipo
Aborted
```

Kihamishie kitu hicho ndani ya fankisheni:

```
Mipangilio& mipangilio() {
    static Mipangilio m;
    return m;
}
```

Sasa kitatengenezwa siku fankisheni itakapoitwa mara ya kwanza, si wakati wa kupakia. Iite kutoka PyInit, ndani ya try ya C++ yenyewe. Kosa likitokea, weka PyErr_SetString na PyExc_ImportError, kisha rudisha nullptr. Except yako itapata kazi.

Angalizo moja, maana limewahi kunila usiku mzima. Tangu C++11, nyuzi (thread) mbili zikifika kwenye static hiyo kwa pamoja, moja husubiri nyingine imalize. Konstrakta ikiachia GIL (kufuli la Python linaloruhusu uzi mmoja kwa wakati) katikati, uzi wa pili unaweza kuinyakua GIL kisha ukakaa kusubiri static, huku wa kwanza unasubiri GIL irudi. Programu haianguki wala haiendi, imeganda tu. Wanaotumia pybind11, maktaba ya kuunganisha C++ na Python, wamewekewa gil_safe_call_once_and_store kwa ajili ya balaa hilohilo.

Globali yangu moja inategemea nyingine iliyo kwenye .cpp tofauti. Kwangu inakubali, kwa mwenzangu inaanguka. Kodi ni ileile.

Ndani ya .cpp moja, globali kama zako hutengenezwa kutoka juu kwenda chini. Kati ya faili na faili, C++ haiahidi mpangilio wowote. Kwako huenda faili za .o zimeunganishwa kwa mfuatano uliokubeba. Dawa ni ileile ya fankisheni hapo juu.

Moduli yangu inaingia vizuri na kazi inafanyika, ila programu ikimaliza tu napata Segmentation fault. Nina globali inayoshika PyObject, yaani kitu cha Python.

Na destrakta yake, ile inayokibomoa kitu, inaita Py_DECREF kuachia kitu cha Python, au siyo? Python haifanyi dlclose kwa moduli, yaani haiipakui, kwa hiyo destrakta za globali zinasubiri mchakato unapofungwa, na kwa kawaida Py_Finalize, inayoizima Python, imeshapita. Unarudisha sahani kwenye nyumba iliyokwisha bomolewa. Iweke pointa hiyo kwenye hali ya moduli, ile unayotangaza ukubwa wake kwa m_size, na uiachie kwenye m_clear. Kama ni kimoja tu kinachoishi muda wote wa programu, mimi huacha pointa tupu isiyo na destrakta, kumbukumbu itachukuliwa na mfumo.

ImportError: undefined symbol: __gxx_personality_v0. Ndiyo nini?

Umeunganisha kwa gcc, na jina hilo limo kwenye maktaba ya C++ ambayo gcc haiiongezi yenyewe. Unganisha kwa g++.

Kuna mtu kazini anasema Python yenyewe lazima ikompailiwe kwa C++ ndipo konstrakta hizi zifanye kazi. Kweli?

Anakumbuka mbali. Enzi za Python 2, configure ilikuwa na --with-cxx-main, kwa sababu kwenye mifumo fulani main ilibidi ikompailiwe kwa C++ ukitaka moduli za C++. Kwenye Linux ya leo dlopen inaziendesha yenyewe. Python uliyoinstoli kwa apt inatosha.